Kuwashwa na kutokwa uchafu ukeni kwa mabinti wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya akina mama, akina baba, bibi na mashangazi wanaolea watoto wa kike Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia nyumba za mawe ya Mabatini na Igogo hadi visiwa vya Ukerewe. Yanahusu binti tangu kuzaliwa hadi anapokaribia kuvunja ungo. Tumetumia neno "uchafu" kwa sababu ndilo linalosemwa kila mahali, ingawa mara nyingi kinachotoka si uchafu wala si dalili ya mtoto kuwa mchafu.

Binti yangu wa miaka 4 anawashwa na chupi yake ina madoa ya njano. Duka la dawa wamenipa krimu ya fangasi. Nimpake?

Subiri kwanza. Kwa mtoto aliyeacha pampasi na ambaye bado hajaanza kukua kifua, fangasi ukeni ni nadra. Fangasi wanaowasumbua wanawake wazima hustawi pale penye homoni ya estrojeni, na mtoto wa miaka 4 karibu hana homoni hiyo. Ndiyo maana mama anapona kwa krimu ile ile ambayo kwa binti yake haifanyi kitu, au inamuunguza zaidi.

Ukiambiwa ni fangasi, jiulize mambo manne. Je, ametoka kumaliza dozi ya antibayotiki? Je, anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mno na anakonda, yaani huenda ana kisukari? Je, anaishi na VVU, au hajawahi kupimwa? Je, anatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu? Lipo hata moja, apimwe, na kisukari kipimwe siku hiyo hiyo. Hakuna hata moja, basi tafuta sababu nyingine kabla ya kununua tyubu ya pili. Vidonge vya kuweka ukeni wanavyopewa wanawake wazima havimhusu mtoto kabisa.

Kama si fangasi, ni nini?

Mara nyingi ni ngozi iliyokereka, na vijidudu vya kawaida vya njia ya haja kubwa vikapata mahali pa kukaa. Mwili wa mtoto una sababu zake. Mwanamke mzima analindwa na mashavu ya uke yenye mafuta, nywele, ukuta mnene wa uke na uchachu unaozuia vijidudu. Mtoto hana hata kimoja. Mashavu yake ni membamba na akichuchumaa hufunguka, ukuta wa uke ni mwembamba kama ngozi ya mdomo, uchachu haupo, na njia ya haja kubwa iko karibu sana. Ongeza mchanga, jasho, chupi ya nailoni, taiti ya kubana na sabuni yenye marashi; ngozi itawaka tu.

Katika hali hiyo utaona wekundu wa nje, mtoto anajikuna au anashika sehemu hiyo, analia mkojo ukipita, na pengine chupi ina doa dogo la njano au la kijani. Homa hakuna. Anacheza na anakula kama kawaida. Ukipima vijidudu mara nyingi utaambiwa "vijidudu mchanganyiko", maana yake hakuna mmoja wa kushambuliwa kwa antibayotiki. Huyu anahitaji maji, hewa na ukavu.

Vipo vijidudu vinavyohitaji dawa kweli. Kinachoongoza ni streptokoka wa kundi A, yule yule anayeleta vidonda vya koo. Ngozi huwa nyekundu sana kama nyama, wekundu una mpaka unaoonekana wazi, mara nyingi umezunguka hadi njia ya haja kubwa, na mtoto anaumia kuliko anavyowashwa. Mara nyingine yeye au ndugu yake aliumwa koo siku chache kabla. Huyu hutibiwa kwa amoksilini au penisilini ya kunywa kwa siku 10, kwa kipimo cha uzito wake, na dozi haikatishwi siku ya 4 kwa kuwa ametulia.

Kutawaza kuna uhusiano gani na hili? Sisi tunatumia maji, si karatasi.

Maji ni mazuri kuliko karatasi. Shida iko kwenye mkono. Mtoto wa miaka 3 au 4 akijitawaza mwenyewe huleta mkono kutoka nyuma kuja mbele, na anachokitoa nyuma anakiweka ukeni. Mfundishe hivi: amwagie maji kwa mbele kwanza, asafishe mbele, kisha mkono upite nyuma na usirudi tena mbele. Akishapata haja kubwa, aoshe nyuma akipitisha mkono nyuma ya mgongo, si katikati ya mapaja. Hadi miaka 5 hivi, mtu mzima amalizie. Baadaye mwangalie mara moja moja, maana watoto husema "nimeshanawa" kwa haraka ya kurudi kucheza.

Kisha akauke. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapoacha. Mtoto anatawazwa, anavalishwa chupi na maji yake, na kutwa nzima anakaa na unyevu. Weka kitambaa chake laini cha pamba karibu na choo, kiguse tu ngozi, kifuliwe kila siku.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawalijui. Mtoto anayetumia choo cha kukaa cha watu wazima huzama, hubana mapaja ili asidumbukie, na mkojo hurudi ukeni badala ya kutoka. Akisimama, dakika chache baadaye chupi inalowa. Wazazi humchapa kwa kudhani anajikojolea. Mwekee kigoda miguuni, apanue magoti, ainame mbele kidogo. Kwa choo cha kuchuchumaa tatizo hili ni dogo, ilimradi chupi ishushwe hadi vifundoni ili magoti yapate nafasi.

Nimuoshe kwa Dettol, maji ya chumvi, shabu au majani?

Hapana kwa vyote. Dawa ya kuua vijidudu iliyotengenezwa kwa sakafu na majeraha huchoma ngozi ya uke wa mtoto, na ngozi iliyochomwa huwasha zaidi, hivyo mama huongeza dawa. Shabu hukausha na kupasua. Usiingize maji, kidole wala kitambaa ndani ya uke. Ndani hujisafisha kwenyewe. Nje panatosha maji matupu. Sabuni ipake mwilini kote, ukifika hapo acha, na asikae kwenye beseni lenye povu la sabuni. Nywele zake zioshwe mwisho, akiwa amesimama, ili povu lisiteremke na kukaa.

Nifanye nini nyumbani kabla ya kwenda kituo cha afya?

Kama hana homa, damu wala maumivu ya tumbo, jaribu hivi kwa wiki mbili.

Tafuta beseni lake peke yake, lisilofuliwa nguo wala kuoshewa dagaa. Weka maji safi ya vuguvugu lita 4 hadi 5, uyapime kwa kiwiko. Akae dakika 10, asubuhi na jioni, bila kuongeza kitu chochote. Mkaushe kwa kugusisha kitambaa bila kusugua, mwache dakika chache apate hewa, kisha paka utando mwembamba wa mafuta ya mgando yasiyo na marashi, au krimu ya zinki, kwa nje tu. Usiku alale bila chupi, ndani ya gauni pana au kipande cha khanga. Mchana avae chupi ya pamba isiyobana, ibadilishwe ikilowa hata kama ni mara tatu. Kata kucha zake zote.

Chupi zifuliwe kwa sabuni ya mche na zisuuzwe mara tatu. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye kitambaa ni chanzo cha kuwashwa ambacho hakuna kipimo cha maabara kitakachokionyesha. Zianikwe juani waziwazi, si kufichwa chini ya khanga kwa aibu. Aibu ya chupi ya mtoto imewapa watu magonjwa mengi. Na chupi za mitumba, hata zikiwa za pamba nzuri, ziache; TBS ilishazipiga marufuku.

Nafuu huanza kuonekana ndani ya siku 3 au 4. Zikipita wiki mbili bila mabadiliko, au akapona na kurudiwa kila mwezi, mpeleke. Siku ya kumpeleka usimpake kitu, mganga wa kituo cha afya aione ngozi ilivyo.

Mchana yuko sawa, lakini usiku anajikuna hadi analia. Kwa nini usiku tu?

Fikiria minyoo. Wapo vijiminyoo vyeupe, vyembamba kama uzi, vya urefu wa sentimita 1 hivi, ambavyo jike hutoka usiku kutaga mayai pembeni ya njia ya haja kubwa. Kwa mtoto wa kike ni rahisi kupotea njia na kuingia ukeni, vikibeba vijidudu vya choo.

Mwangalie kwa tochi saa 2 au 3 baada ya kulala, utaviona vikitembea. Au alfajiri, kabla hajaoga wala kwenda haja, gusisha selotepu angavu kwenye ngozi pembeni ya njia ya haja kubwa, ibandike kwenye kioo cha maabara, uipeleke. Fanya hivyo asubuhi tatu mfululizo, maana mayai hayaonekani kila siku. Kipimo cha choo cha kawaida hukosa minyoo hii mara nyingi, kwa hiyo jibu la "choo hakina kitu" lisikutulize.

Dawa ni albendazoli, miligramu 400 mara moja kwa mtoto wa miaka 2 na kuendelea, na kurudia baada ya wiki 2. Marudio ni ya lazima, kwa sababu dawa huua minyoo na kuacha mayai. Nyumba nzima inywe siku moja, isipokuwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 2; hao ulizeni kliniki kwanza. Asubuhi hiyo fua mashuka na nguo za kulalia, na usiyakung'ute mashuka ndani, mayai hupeperuka.

Tunaishi karibu na ziwa na watoto wanaoga humo. Maji ya ziwa yanaleta maambukizi ya ukeni?

Swali hili lina majibu mawili, na kuyachanganya kunawaponza watu.

Kwanza, mchanga na maji ya mwaloni, yaani ufukweni kwa wavuvi. Binti anayeshinda amekaa kwenye mchanga wanapoanika dagaa, akaingia majini na chupi na kuikaushia mwilini, atakereka ngozi. Mwogeshe kwa maji safi akitoka, avae chupi kavu, basi.

Pili, kichocho. Kando ya Ziwa Victoria kichocho kilichoenea zaidi ni cha tumbo, ambacho minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Kichocho cha mkojo, ambacho ndicho hasa huumiza uke na kizazi, konokono wanaokieneza hustawi zaidi kwenye malambo, madimbwi ya msimu na majaruba ya mpunga ya bara, kama vile Misungwi, Kwimba na kuelekea Shinyanga. Kwa hiyo binti wa Luchelele aliyekwenda likizo kwa bibi Kwimba na kuogelea lamboni yuko kwenye hatari ambayo mama yake, aliyekazana kumkataza ziwa, hakuifikiria.

Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu na kizazi. Mayai yake yenye mwiba hukwama kwenye kuta za kibofu, uke na shingo ya kizazi, na mwili hujenga uvimbe mdogo mdogo kuyazunguka. Binti hupata kuwashwa, uchafu, maumivu na wakati mwingine damu, na dalili hizi zikionekana kwa msichana wa miaka 12 watu humtuhumu kwamba "ameanza wanaume" na kumpa dawa za magonjwa ya zinaa. Haponi, wala kosa halikuwa lake. Makovu yasipozuiwa mapema yanaweza kuleta ugumba baadaye, na vidonda hivyo hurahisisha kuambukizwa VVU atakapokuwa mtu mzima.

Dalili ya kuuliza ni damu mwishoni mwa mkojo. Kipimo kifanyike kwa mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka mengi, na ni vizuri mtoto aruke au akimbie kidogo kabla. Mkojo wa saa 1 asubuhi unaweza kukosa mayai yaliyomo. Pia mayai yanaweza kuwa ukeni bila kuonekana kwenye mkojo, hivyo historia ya kuoga lamboni ina uzito kuliko karatasi ya majibu.

Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kidonge kimoja kina miligramu 600, hivyo mtoto wa kilo 30 humeza viwili kwa mara moja. Shuleni idadi ya vidonge hukadiriwa kwa urefu wa mtoto, anaopimwa kwa fimbo. Ale ashibe kwanza; akinywa na njaa, kichefuchefu na kizunguzungu humzidi, na mwaka unaofuata atajificha chooni siku ya dawa. Dawa haiui minyoo michanga, kwa hiyo aliyeogelea wiki mbili zilizopita anaweza kuhitaji kurudia baada ya wiki 6 hadi 8. Wala haimkingi, akirudi majini huambukizwa upya.

Kama hamna budi kutumia maji ya ziwa au lambo kwa kuoga, yachoteni na kuyaacha kwenye ndoo au simtanki kwa siku 2 kamili bila kuongeza mapya. Vimelea hufa ndani ya muda huo. Au yachemsheni. Saa za mchana, jua likiwa kali, ndipo konokono huachia vimelea vingi zaidi.

Kila tukienda hospitali tunaambiwa "UTI". Amekunywa dawa mara nne mwaka huu.

Inawezekana hajawahi kuwa na UTI hata mara moja. Ngozi ya uke ikiwa na uchafu, mkojo unaopita juu yake unabeba chembe nyeupe, na kijiti cha kupima kinabadilika rangi. Mtoto anapewa antibayotiki, ngozi inaendelea kuwaka, na fangasi ambao hawakuwapo sasa wanapata nafasi.

UTI ya kweli kwa mtoto mara nyingi huja na homa, kutapika, maumivu ya tumbo au ubavuni, au kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha acha. Maumivu ya UTI huwa ndani. Ya ngozi huja mkojo unapogusa nje. Omba mkojo uchukuliwe vizuri: muoshe kwa maji, kausha, apanue magoti, mkojo wa mwanzo umwagike, wa katikati uingie kwenye kopo safi. Na kama ni mara ya pili au ya tatu, omba mkojo uoteshwe maabara, ili kijidudu kilichomo kijulikane, kabla hajaanza dawa. Kuotesha huchukua siku 2 hadi 3. Ni afadhali kusubiri kuliko dozi ya tano.

Muulize pia kama anapata choo vizuri. Mtoto aliyefunga choo kwa siku tatu ana utumbo unaokandamiza kibofu, na hilo hurudisha UTI kila mara.

Anatoka uchafu unaonuka sana, na nimeona damu. Nini hicho?

Damu kwa mtoto ambaye hajakua kifua si ya kutibiwa nyumbani. Mpeleke.

Harufu mbaya inayodumu, pamoja na uchafu wa kahawia au wenye damu, mara nyingi ni kitu kilichobaki ndani: kipande cha karatasi ya choo, nyuzi za kitambaa, punje ya mahindi. Watoto huchunguza miili yao kama wanavyotia harage puani. Usijaribu kukitoa. Hospitali husafisha kwa maji ya dripu ya vuguvugu, na wakishindwa humlaza usingizi. Kikishatolewa, uchafu huisha wenyewe ndani ya siku chache.

Damu baada ya kuharisha inaweza kuwa shigela, bakteria wa kuhara damu, ambaye huweza kuhamia ukeni na kukaa wiki kadhaa. Mwambie mganga kuhusu kuharisha hata kama kuliisha zamani.

Iko hali moja inayotisha kuliko uzito wake: nyama ya njia ya mkojo kuchomoza nje, kama pete nyekundu au ya zambarau yenye tundu katikati. Huwapata zaidi mabinti weusi wa miaka 4 hadi 8, pengine baada ya kukohoa au kufunga choo kwa muda mrefu. Hutia damu kwenye chupi bila maumivu makubwa. Watu huidhania ubakaji au saratani. Mara nyingi hutibiwa kwa kukaa kwenye maji ya vuguvugu na krimu ya estrojeni aliyoiandika daktari, na wachache hufanyiwa upasuaji mdogo.

Mtoto wangu ana wiki moja na ametoka damu kidogo ukeni. Ni kawaida?

Ndiyo. Ni homoni za mama zinazoisha mwilini mwake. Ute mweupe mzito, na damu kidogo ndani ya wiki mbili za kwanza, ni kawaida. Usiusugue ute huo utoke. Ikiendelea baada ya hapo, au ikiwa nyingi, au mtoto anatoka damu kitovuni na puani pia, mpeleke mara moja.

Na anayevaa pampasi?

Huyu fangasi wanampata kweli. Wekundu unaoingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja, wenye vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, ni fangasi. Mpake klotrimazoli ya asilimia 1 mara 2 kwa siku, na uendelee siku kadhaa baada ya kupona. Wekundu unaoacha mikunjo ni mkojo tu. Badilisha kila saa 3 au 4, na mara moja akishapata choo. Pampasi moja kutwa nzima kwa kubana matumizi ni ghali, maana utanunua dawa. Nepi za kitambaa zinafaa sana Mwanza, jua tunalo.

Bibi yake anasema mtoto "hana tundu", mashavu yameungana. Tumpeleke akapasuliwe?

Msimpasue, wala mtu asimvute kwa vidole. Mashavu ya ndani hugandana kwa utando mwembamba, zaidi kati ya miezi 3 na miaka 6, na kwa wengi huachana yenyewe homoni zikianza. Akikojoa vizuri, achwe na apakwe mafuta ya mgando. Akikojoa kwa shida au akipata UTI za kurudia, daktari humpa krimu ya estrojeni kwa wiki chache. Kuvuta kwa nguvu huleta kidonda, na kidonda hugandana vibaya zaidi.

Kwetu wanasema hii ni "lawalawa" na dawa yake ni kukeketa.

Jina hilo limeenea hasa Singida na Dodoma, na familia zinazohama huja nalo hadi huku. Wanachokiita lawalawa ni vitu vile vile tulivyoeleza: ngozi iliyokereka, minyoo, mkojo unaochoma, uchafu. Hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa wembe. Anayedai mtoto alipona baada ya kukeketwa aliona kuwashwa kukiisha, na kuwashwa huku mara nyingi huisha kwenyewe mtoto akikua au akioshwa vizuri wakati wa kuuguza kidonda. Alichobaki nacho mtoto ni kovu, hatari ya kuvuja damu na pepopunda, mkojo unaokwama, na uzazi mgumu.

Kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni jinai Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na adhabu yake ni pamoja na kifungo cha miaka 5 hadi 15. Sababu ya "tiba" haimwokoi mtu. Kama kuna mpango wa kumkata mtoto, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Je, uchafu ukeni maana yake mtoto amefanyiwa ukatili?

Mara nyingi hapana, na usimhoji mtoto kwa vitisho kwa sababu ya doa la njano. Lakini usilifute wazo hilo kabisa. Michubuko, maumivu ya kukaa, damu isiyo na sababu, hofu mpya kwa mtu fulani, au mtoto kusema mwenyewe: hayo yachukuliwe kwa uzito wote. Vivyo hivyo maabara ikionyesha kisonono, trikomona au kaswende kwa mtoto aliyepita uchanga.

Msikilize bila kumkatiza, mwambie hajakosea. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, kwani nailoni huozesha ushahidi. Nenda hospitali ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazianzishwi baada ya hapo. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa, hupatikana polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kama ameumia, anza hospitali na fomu ifuate. Mambo haya hayamalizwi kwenye kikao cha ukoo, hata mtuhumiwa akiwa ndugu. Hasa akiwa ndugu.

Mganga atamkaguaje? Naogopa "bikira" yake isije ikaguswa.

Ukaguzi wa mtoto ni wa kutazama nje. Analala chali mapajani mwa mama, anafunikwa khanga, na mganga anaeleza kila hatua kabla. Hakuna kifaa wala kidole kinachoingizwa kwa mtoto aliye macho. Sampuli ya uchafu huchukuliwa nje kwa pamba nyembamba iliyolowanishwa. Una haki ya kuwepo muda wote, kuomba mhudumu wa kike, na kusimamisha ukaguzi mtoto akikataa. Kituo kikihitaji kuangalia ndani watampa rufaa, kwa mfano hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando, ambako hufanyika akiwa usingizini.

Ana miaka 11, chupi ina ute mweupe kila siku lakini hawashwi. Nimpe dawa?

Usimpe. Kama kifua kimeanza, ute mweupe au angavu usionuka ni ishara kwamba hedhi iko njiani, kwa kawaida ndani ya miezi 6 hadi 12. Huu ndio wakati wa kumtafutia pedi na kumwonyesha: abadilishe kila saa 4 hadi 6, za kitambaa zifuliwe kwa sabuni na zianikwe juani. Kama kifua kimeanza kabla ya miaka 8, mpeleke hospitali.

Shuleni choo hakina maji, anabana mkojo kutwa. Tufanyeje?

Mpe chupa ya nusu lita ya maji iliyoandikwa jina kwa ajili ya kutawaza, na chupi ya ziada ndani ya mfuko mdogo. Akojoe kabla ya kutoka nyumbani, mapumziko ya saa 4, na akirudi nyumbani. Zungumza na mwalimu wa kike wa afya, si mbele ya darasa, amruhusu kutoka bila kuinua mkono mara tatu. Kisha lipelekeni kwenye kikao cha wazazi na kamati ya shule: mwongozo wa nchi unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, pamoja na maji. Hesabuni matundu siku ya kikao, mwende na namba mkononi.